Jinsi askari wa mwili wanavyoijua njia ya kuelekea utumboni

MTU akidungwa na mwiba shambani asubuhi, jioni kidole chake huwa kimefura na kugeuka chekundu. Siku mbili baadaye, huenda kikatunga usaha.

Usaha huo, kwa sehemu kubwa, ni mabaki ya chembechembe nyeupe za damu zilizofika pale kupigana na vijidudu vilivyoingia pamoja na mwiba. Zilikuwa zikisafiri katika damu, zikapita mishipa chungu nzima bila kusimama, kisha zikashuka mahali pale pale palipohitaji msaada.

Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu ni hili: ni nani aliyeziambia chembechembe hizo zishuke kwenye kidole, wala si kwenye goti, ini au ubongo?

Swali hilo laweza kuonekana la kitoto. Hata hivyo, jibu lake, ambalo limemshughulisha Prof Eugene Butcher wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lilisaidia kufungua njia ya kupatikana kwa dawa ya kuwatibu watu ambao matumbo yao hushambuliwa na kinga yao wenyewe.

Ni kisa cha utafiti uliochukua zaidi ya nusu karne, na ambao katikati yake kulitokea vifo vilivyowafunza madaktari kuwa kufunga milango yote ya mwili kwa pamoja ni hatari.

Kikulacho ki nguoni mwako

Utumbo ni mahali pagumu pa kulinda. Kila siku hupitisha chakula na maji kutoka nje, na ndani yake huishi bakteria wasiohesabika ambao wengi wao hawana madhara, na baadhi husaidia kusaga chakula.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya askari wa kinga wa mwili mzima huwekwa katika ukuta wa utumbo. Kazi yao ni kumkabili adui huku wakiwavumilia wageni wema.

Kuna watu ambao uvumilivu huo huvunjika. Askari humiminika utumboni kwa wingi, huanza kupigana na bakteria wa kawaida, na katika vita hivyo ukuta wa utumbo wenyewe huumia. Huvimba, hutoka vidonda na kuvuja damu.

Hali hiyo hujitokeza kwa sura mbili kuu. Ya kwanza ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, ingawa mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba. Ya pili ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hushika utumbo mpana peke yake.

Mgonjwa huendesha kwa wiki au miezi, mara nyingi choo kikiwa na damu. Huumwa na tumbo, hukonda, hukosa nguvu na kupungukiwa na damu. Wengi huanza kuugua wakiwa vijana, wakati ambapo wenzao wanasoma au wanatafuta kazi.

Magonjwa haya hayaambukizwi na hayasababishwi na jambo moja. Wataalamu wanaamini kuwa hutokana na mchanganyiko wa urithi wa jeni, bakteria wa utumboni na mazingira anamoishi mtu. Aidha, hayana tiba ya kuyaondoa kabisa. Dawa huyatuliza tu, na zinaposhindwa, madaktari wa upasuaji hulazimika kukata sehemu ya utumbo iliyoharibika.

Kwa miongo mingi, silaha kuu ya madaktari ilikuwa dawa za kudhoofisha kinga ya mwili mzima. Hiyo ilikuwa sawa na kuwaachisha kazi polisi wote wa nchi kwa sababu ya kituo kimoja kilichowageuka raia.

Safari isiyokoma

Hatua ya kwanza ya kutafuta njia bora zaidi ilipigwa Oxford, Uingereza, katika miaka ya 1950. Huko, daktari kijana aitwaye James Gowans alikuwa akichunguza limfosaiti, aina ya chembechembe nyeupe ambazo wakati huo kazi yake haikujulikana.

Kulikuwa na fumbo. Katika mwili wa panya, limfosaiti huingia katika damu kupitia mrija mkubwa wa limfu ulio kifuani. Zinazoingia ni nyingi kiasi cha kuweza kujaza upya idadi yote iliyomo katika damu mara kadhaa kwa siku. Lakini idadi yake katika damu haiongezeki. Je, zilikuwa zikienda wapi?

Wengi walidhani kwamba zilikuwa zikifa baada ya saa chache. Gowans aliingiza mpira mwembamba katika mrija huo wa panya na kuiondoa limfu kwa siku kadhaa. Limfosaiti zilizotoka zikapungua sana. Alipozirudisha katika damu ya panya yule yule, zilianza tena kutoka kwa wingi kupitia mrija.

Jibu likawa wazi. Limfosaiti hazikuwa zikifa; zilikuwa zikizunguka. Hutoka katika damu, huingia katika tezi za limfu, hupitia mirija ya limfu na kurudi tena katika damu. Safari hiyo hairudiwi mara moja tu, bali tena na tena, kama askari wa doria anayezunguka mtaa usiku kucha.

Mwaka wa 1964, Gowans na mwenzake Julie Knight walionyesha mahali ambapo seli hizo hutokea katika damu. Ni vijishipa maalumu vilivyo ndani ya tezi za limfu, vyenye kuta nene kuliko vijishipa vingine.

Lakini fumbo jingine lilibaki. Baadhi ya seli zilizotolewa karibu na utumbo, ziliporudishwa katika damu, zilielekea utumboni. Zilijuaje njia?

Abiria na kituo chake

Hapo ndipo Butcher, daktari kijana aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Prof Irving Weissman huko Stanford, alipoingia.

Alitumia mbinu iliyokuwa imebuniwa mwaka wa 1976 na watafiti Hugh Stamper na Judith Woodruff. Tezi ya limfu iliyogandishwa hukatwa vipande vyembamba mno na kuwekwa kwenye kioo. Kisha limfosaiti humwagwa juu yake. Zile zinazotambua vijishipa hushikamana navyo. Nyingine huoshwa zikaenda zake.

Mwaka wa 1980, Butcher na wenzake walieleza matokeo ya kushangaza. Baadhi ya limfosaiti za panya zilishikamana na vijishipa vya tezi za kawaida za mwili lakini zikapuuza vile vya utumboni. Nyingine zilifanya kinyume: zilishika vya utumboni na kupuuza vya tezi.

Kwa hivyo mishipa ya damu si mabomba tu. Kuta zake zina alama, na alama za utumbo si zile za ngozi wala za shingo. Seli nayo hubeba kipokezi cha kusomea alama hizo.

Msomaji anaweza kulinganisha jambo hili na abiria katika matatu. Gari hupita vituo vingi, lakini abiria hashuki ovyo. Hutazama nje, na anapokiona kibao cha mtaa wake, hujiandaa kushuka.

Kilichosalia kilikuwa kutafuta vibao vyenyewe. Mwaka wa 1983, kundi hilo la Stanford lilitangaza kwamba limepata kingamwili, yaani protini inayonata kwenye shabaha moja tu, iliyozuia limfosaiti kushika vijishipa vya tezi bila kuathiri zile zilizokuwa zikishika vijishipa vya utumboni.

Mnamo 1988 ikawa zamu ya utumbo. Maabara ya Butcher ilitambua protini inayoonekana katika kuta za mishipa ya utumbo, ambayo baadaye iliitwa MAdCAM-1. Panya walipodungwa kingamwili ya kuifunika protini hiyo, limfosaiti zilishindwa kuingia katika vituo vya kinga vya utumbo, lakini ziliendelea kuingia katika tezi nyingine kama kawaida.

Hatimaye, mwaka wa 1993, maabara hiyo ilionyesha kifaa ambacho seli hutumia kukishika kibao hicho. Ni protini iliyoundwa kwa vipande viwili vilivyoungana, nayo huitwa integrini ya alfa-4-beta-7. Kibao na msomaji wake wakawa wamejulikana.

Hatua za kushuka

Kushuka kwenyewe si jambo jepesi. Damu hukimbia kwa kasi, na seli haiwezi kusimama ghafla. Katika makala aliyochapisha mwaka wa 1991, Butcher alieleza kuwa safari hiyo hupitia hatua kadhaa zinazofuatana.

Kwanza, seli hugusa ukuta wa mshipa na kuanza kubingirika polepole juu yake, kama mpira unaovingirishwa juu ya zulia lenye manyoya.

Pili, inapobingirika, hukutana na kemikali ziitwazo kemokini ambazo zimebandikwa ukutani. Hizo ndizo huiambia kwamba hapa ndipo.

Tatu, seli huzikaza integrini zake na kunata kabisa. Mwishowe hujipenyeza katikati ya seli za ukuta na kuingia ndani ya nyama.

Kila hatua ina uwezekano kadhaa, na seli isipotimiza hata moja, huachilia na kubebwa tena na damu. Kwa njia hiyo, protini chache zinaweza kuunda anwani nyingi tofauti, jinsi tarakimu kumi tu zinavyotosha kutengeneza nambari za simu za nchi nzima.

Mwaka wa 2004, Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi iliwatunuku Butcher na Prof Timothy Springer wa Chuo Kikuu cha Harvard Tuzo ya Crafoord kwa kazi yao kuhusu jinsi chembechembe nyeupe zinavyosafiri mwilini.

Nani huandika anwani?

Lakini seli changa haizaliwi ikiujua utumbo. Ni lazima ifundishwe.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 na maabara ya Ulrich von Andrian huko Harvard ulionyesha kuwa walimu hao ni seli za dendriti, ambazo huokota vipande vya vijidudu na kuvionyesha kwa limfosaiti. Seli za dendriti zitokazo utumboni huwafundisha wanafunzi wao njia ya kurudi huko huko.

Mwaka uliofuata, Makoto Iwata na wenzake nchini Japan walibainisha wino unaotumika kuandika anwani hiyo. Ni asidi ya retinoiki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A.

Vitamini hiyo hupatikana katika maini na mayai, na mwili pia huiunda kutokana na karoti, mapapai, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mboga za kijani. Kinga ya utumbo, basi, hutambua makao yake kupitia kitu ambacho huingia mwilini kwa njia ya utumbo huo huo.

Hii haina maana kwamba kula karoti huleta ugonjwa wa Crohn. Kinyume chake, upungufu wa vitamini A huwaacha watoto wakiwa dhaifu mbele ya maradhi ya kuhara.

Funzo la 2005

Ugunduzi wa anwani uliwapa watengenezaji dawa wazo jipya. Badala ya kuwaua askari au kuwadhoofisha, kwa nini wasizuiwe tu kushuka katika kituo kinachowaka moto?

Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliitwa natalizumabu. Ilikuwa kingamwili iliyofunika kipande cha alfa-4. Iliidhinishwa Marekani mnamo Novemba 2004 kutibu sklerosisi, ugonjwa ambao askari wa kinga huushambulia mfumo wa neva, na ilikuwa ikijaribiwa pia kwa wagonjwa wa Crohn.

Furaha haikudumu. Mnamo Februari 2005, miezi mitatu tu baadaye, dawa hiyo iliondolewa sokoni. Kwa jumla, wagonjwa watatu walipatikana na maambukizi adimu ya ubongo yanayoletwa na virusi vya JC. Wawili kati yao walifariki.

Virusi hivyo hukaa kimya katika miili ya watu wengi bila kuwadhuru, kwa sababu askari wa kinga huvilinda. Tatizo ni kwamba kipande cha alfa-4 kina wenzi wawili. Kinapoungana na beta-7, hufungua mlango wa utumbo. Kinapoungana na beta-1, huwasaidia askari kuingia katika ubongo na sehemu nyinginezo.

Kwa kukifunika alfa-4 popote kilipo, natalizumabu ilifunga milango yote miwili. Utumbo ulipata nafuu, lakini ubongo ukabaki bila walinzi.

Dawa hiyo ilirejeshwa sokoni mwaka wa 2006 kwa masharti makali, na mnamo 2008 ikaruhusiwa kwa baadhi ya wagonjwa wa Crohn nchini Marekani. Lakini funzo lilikuwa limeeleweka: haitoshi kujua kwamba mlango upo, ni lazima kuujua ufunguo wake barabara.

Mlango mmoja tu

Ufunguo uliohitajika ulikuwa tayari umetengenezwa miaka mingi kabla. Mwaka wa 1984, Dkt Andrew Lazarovits, daktari kutoka Canada aliyejishughulisha na upandikizaji wa figo, pamoja na wenzake, walieleza kuhusu kingamwili waliyoiita ACT-1. Wakati huo hawakujua shabaha yake hasa ni nini.

Ilichukua karibu miaka kumi kugunduliwa kwamba ACT-1 hainati kwenye alfa-4 peke yake wala beta-7 peke yake. Hunata pale tu vipande hivyo viwili vinapoungana, yaani kwenye kile kile ambacho maabara ya Butcher ilikuwa imeonyesha kuwa ni tiketi ya kuingilia utumboni.

Mnamo 1996, watafiti walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa kima wadogo wenye asili ya Colombia, ambao wakifugwa kizuizini hupata kolaitisi wenyewe bila kuambukizwa. Kima waliodungwa ACT-1 walipata nafuu haraka.

Kingamwili hiyo ilibadilishwa umbo ili ikubaliwe na mwili wa binadamu, ikapewa jina la vedolizumabu. Matokeo ya majaribio makubwa yalichapishwa Agosti 2013.

Katika jaribio la wagonjwa wa kolaitisi, asilimia 47.1 ya waliopewa dawa walikuwa wamepata nafuu baada ya wiki sita, wakilinganishwa na asilimia 25.5 ya waliopewa dawa bandia. Miongoni mwa walioitikia dawa na kuendelea nayo kila baada ya wiki nane, asilimia 41.8 hawakuwa na dalili za ugonjwa baada ya wiki 52. Kwa wale waliobadilishiwa dawa bandia, kiwango kilikuwa asilimia 15.9.

La muhimu zaidi, katika majaribio hayo hakuna aliyepatikana na yale maambukizi ya ubongo. Mnamo Mei 2014, dawa hiyo iliidhinishwa Marekani na Ulaya.

Kwa nini jambo hili lahusu Afrika

Kwa muda mrefu magonjwa haya yalichukuliwa kuwa ya Wazungu. Lakini wataalamu wameshuhudia yakiongezeka katika nchi za Asia, Afrika na Amerika Kusini kadiri watu wanavyohamia mijini na kubadilisha vyakula na maisha yao.

Kuyatambua katika nchi kama Kenya si rahisi. Mtu anayeendesha choo chenye damu hudhaniwa kwanza kuwa ana amiba au bakteria, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Isitoshe, kifua kikuu kinaposhika utumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, hata kwa daktari anayeangalia ndani ya tumbo kwa kamera.

Kuchanganya magonjwa hayo mawili ni hatari kubwa, kwa kuwa dawa ya kutuliza kinga inaweza kuuchochea ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka wa 2001, watafiti nchini Marekani walieleza visa 70 vya kifua kikuu miongoni mwa watu waliotumia infliksimabu, dawa iliyoidhinishwa huko mwaka wa 1998 kutibu ugonjwa wa Crohn, na ambayo hutuliza kinga ya mwili mzima.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliijumuisha Kenya katika orodha yake ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Katika nchi kama hiyo, tofauti kati ya dawa inayofunga mlango mmoja na ile inayodhoofisha kinga ya mwili mzima si ya vitabuni tu. Hata hivyo, hata kabla ya kuanzishiwa vedolizumabu, mgonjwa hupaswa kuchunguzwa kama ana kifua kikuu.

Dawa yenyewe ina mipaka yake. Hufanya kazi polepole, hasa kwa wagonjwa wa Crohn, na takwimu za majaribio zaonyesha kuwa wengi hawapati nafuu kamili. Pia, kama kingamwili nyingine zinazotengenezwa viwandani, bei yake haiwezi kumudiwa na mgonjwa wa kawaida asiye na bima.

Yamkini baadhi ya askari hutumia milango mingine. Mwaka wa 2013, watafiti walieleza kipokezi kiitwacho GPR15 kinachoelekeza seli katika utumbo mpana. Maabara ya Butcher nayo imeendelea kuchunguza vibao vya njiani, ikiwemo tofauti kati ya anwani ya utumbo mwembamba na ile ya utumbo mpana.

James Gowans aliaga dunia Aprili 2020 akiwa na umri wa miaka 95. Alipoingiza mpira katika mrija wa panya kule Oxford, hakuwa akitafuta dawa ya tumbo. Alitaka tu kujua seli zilikuwa zikienda wapi.